Uso wa Nyumba ya Mama Pindo

Ukiiona nyumba ya Mama Pindo kutoka barabarani, utasema ni ya waziri. Ina nguzo mbili zenye nakshi, vigae vya rangi ya asali, na juu ya mlango tao lisilo na ufa. Ukishavuka ule mlango, uwaziri unaishia hapo. Kuna chumba cha cherehani na chumba cha kulala, basi. Matofali hayajawahi kuonja plasta, na bati linavuja pembeni mwa kitanda.

Wala hawakuwa watu wa majivuno. Marehemu mumewe alikuwa fundi mwashi, na uso ule wa nyumba ndio uliokuwa bango lake. Mteja akitaka kuujua mkono wa fundi aliletwa pale, akapapasa nguzo, akachagua. Vigae vyenyewe vilikuwa masalio ya kazi za watu. Huko ndani, fundi alikuwa akisema, atamalizia kazi za watu zikipungua. Hazikupungua, na yeye akatangulia.

Halmashauri nayo ikakaukiwa fedha. Ikaamua kukusanya kodi ya majengo kwa nguvu zote, na mthamini wake akaupita mtaa mzima ndani ya gari, akiandika alichokiona dirishani. Hivyo ndivyo Mama Pindo, mshonaji wa nguo za watu, alivyowekwa kundi moja na wenye maghorofa. Kodi aliyoandikiwa ilizidi kipato chake cha mwaka. Alipokwenda kulalamika, karani akamjibu kuwa sheria inathamini jengo, haithamini machozi, na asipolipa nyumba itapigwa alama nyekundu, kisha mnada.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na nyundo. Tusimseme vibaya, nia yake ilikuwa njema. Alitaka waubomoe ule uso, nyumba ionekane duni kama ilivyo, na kodi ishuke.

"Hiyo nyundo irudishe ulikoitoa, shemeji," Mama Pindo akamwambia. "Kaka yako hakuniachia hata picha. Ameniachia ukuta huu."

Siku ya alama ilipofika, mthamini alikuja mwenyewe na kopo la rangi. Alimkuta mama ameburuta cherehani hadi kibarazani, ameiziba njia ya ukutani, anashona kama vile hajaona mgeni. Majirani walikuwa wamejaa tele. Mthamini akaomba apishwe, hakupishwa. Akatishia kuita askari. Akaambiwa awaite tu, na wenye suruali ndefu waje nazo zipunguzwe. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mama Pindo hakucheka. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Kodi siikatai, mwanangu," akasema, mguu ukiendelea kukanyaga. "Huu mtaro unaonuka hapa mbele nataka uzibuliwe, na najua hauzibuliwi kwa dua. Lakini silipii nyumba nisiyoijua. Ingia ndani. Ukiikuta hiyo uliyoiandika, niite na mimi nihamie."

Mthamini aliangalia kopo, akaangalia watu, akaliweka chini. Aliingia. Alipotoka alikuwa na vumbi la tofali begani. Akafuta alichoandika mwanzo, akaandika upya palepale, kwenye meza ya cherehani. Kisha akashindwa kujizuia, akaipapasa nguzo, akauliza fundi wake anapatikana wapi, maana na yeye anajenga.

"Hapatikani tena," mama akasema, na kwa mara ya kwanza mguu ukasimama. "Ila ulimthamini vizuri. Maisha yake yote hakuna mtu wa halmashauri aliyewahi kusema kazi yake ina thamani."

Kodi mpya ilipotoka, Mama Pindo alikuwa wa kwanza dirishani kuilipa. Akapokea risiti, akaikunja, akauliza mtaro unazibuliwa siku gani. Karani, yuleyule wa machozi, akamwambia hilo si la dirisha lake, arudi kesho.

Mama Pindo akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango wa ofisi, akatoa sindano na uzi. Kazi ya kushona alikuwa amekuja nayo, ya kutosha wiki nzima.