Magego ya Baroni

Mara ya kwanza Detlef Pawlik kuingia uani kwa Mama Schikora, pale Herne, mji wa migodi ya makaa Ujerumani, alikuja na nia moja tu: kuondoka na sungura wa mama huyo. Pawlik alikuwa muuza nyasi kavu, nyasi ambazo wafugaji wa chama cha sungura waliwatandikia sungura wao walalie, basi. Mama Schikora, mjane wa mchimba makaa, alimiliki dume moja la kijivu, zito hata ukilipakata magoti yanakufa ganzi. Aliitwa Baroni, alilala jikoni karibu na jiko, na alasiri ileile alitarajiwa kushinda kikombe cha chama.

"Taja bei, Pawlik, nicheke kidogo kabla ya maonyesho."

Pawlik hataji bei kabla hajapata ila. Akamkagua Baroni: mgongo, macho, masikio. Chini ya kidevu vidole vyake vikalowa.

"Mama, huyu anadondokwa na mate kama mtoto anayeota meno! Nitamchukua kwa nusu bei, kwa kukuhurumia tu."

Akajiandaa kutukanwa. Mama Schikora akapeleka mkono wake mwenyewe kidevuni, kisha akainama akachota kinyesi kwenye kizimba.

"Siku zote kinakuwa kama kunde. Hebu tazama hiki. Pilipili manga." Akaangalia bakuli. Karoti ilikuwa imeng'atwa ikaachwa. "Na mimi nikadhani anadeka. Gari lako liko wapi?"

"Langoni. Lakini kikombe je?"

"Kikombe hakiugui. Washa gari!"

Njiani Pawlik alijaribu: "Si ungengoja kesho? Njaa ikimbana atakula."

"Mbwa unaweza kumngoja. Sungura asipokula tumbo linasimama, na likishasimama hiyo kesho utaiona peke yako. Kanyaga mafuta, bwana."

Akakanyaga, huku akipiga hesabu zake kwamba mtu mwenye shukrani hajui kubishana bei.

Daktari wa mifugo alimulika mdomoni. Magego yalikuwa yameota ncha, zinamkata ulimi.

"Unamlisha nini?"

"Mkate uliolowekwa maziwa. Na uji. Chamani sote tunafanya hivyo, manyoya yang'ae."

"Manyoya yanang'aa, magego yanakaa bure, yanazidi kuota. Nyasi kavu ndizo tupa ya kuyasaga. Azitafune kutwa."

Baroni akapewa dawa ya usingizi, magego yakasagwa, akarudi nyumbani na dawa ya maumivu. Mama Schikora akakaa naye sakafuni jikoni, akimlisha rojo la majani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo. Asubuhi simu ya Pawlik ikalia.

"Amekunya!" Ilikuwa sauti ya mtu ambaye timu yake imefunga bao. "Kunde tupu, Pawlik! Kunde!"

Pawlik akaja mbio, kofia mkononi. "Basi tuongee bei."

"Jana ulitaka kumnunua mgonjwa. Leo ni mzima. Humuwezi."

"Bila mimi ungejua?"

"Ndiyo maana nimekuchemshia kahawa. Kaa."

Kikombe kilikwenda kwa jirani, na jirani hakuchelewa kukipitisha mbele ya dirisha la mjane kujigamba. Mama Schikora alikitazama, akasema kinafaa kuwekea maua. Kwenye kikao cha chama, ambako kila mfugaji alikuja na sungura wake, akasimama na Baroni kifuani, kichwa juu, akawaambia wote kwamba mkate wake ndio uliomuumiza, na kwamba kuanzia siku hiyo anayeamka bila kupapasa kidevu cha sungura wake asijiite mfugaji. Wazee wa mgodini waliozoea kumbishia kila neno wakapeleka mikono kwenye videvu vya sungura wao, mmoja mmoja.

Pawlik hakumpata Baroni. Ile ila aliyoitaja ili ashushe bei ndiyo iliyomnyima. Lakini chama kizima sasa kinanunua nyasi zake za kuliwa, si za kulaliwa. Mteja wa kwanza ni Mama Schikora, ambaye hunusa kila furushi, hukataa lenye vumbi, na hubishana bei mpaka Pawlik anatoka jasho. Akitoka pale uani huku amepunjwa, humsikia Baroni nyuma yake, anatafuna.