Antena ya Gari la Padre, Kutoka Majengo Hadi Juu ya Kwa Sadala

Mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Majengo, hapa Moshi, nimeoa Majengo, na Mlima Kilimanjaro nilikuwa nikiutazama kupitia dirisha la duka langu la kutengeneza redio, nikiona kwamba kwa umbali ule tunaelewana vizuri. Hata sekondari, iliyonipeleka mbali kwa treni, niliimaliza nikihesabu siku za kurudi nyumbani. Kwa hiyo msomaji akisikia kwamba nilipanda mpaka juu ya Kwa Sadala na kurudi siku ileile, asidhani ni jambo dogo. Mke wangu Mwanaidi alinifungia chakula cha siku tatu.

Sababu ya kuondoka ililetwa dukani ndani ya gunia. Aliyeileta ni Aloisi, dereva wa Padre. Padre huyo alikuwa na leseni ya serikali ya redio ya kusema na kupokea, ile ambayo watu huipiga kwa mapenzi yao tu, wakiulizana na wenzao wa Nairobi na Unguja habari za mvua. Redio moja ilikuwa chumbani mwake Moshi, nyingine ndani ya Landrova ambayo Aloisi alizunguka nayo mlimani kupeleka dawa.

Aloisi akafungua gunia. Ndani mlikuwa na antena ya gari, vipande viwili.

"Fundi, unaitambua?"

Niliitambua. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe juu ya paa: bomba la shaba, refu, nimelisugua mpaka linang'aa. Siku ya kuijaribu tuliendesha kutoka dukani kwangu hadi stesheni ya treni na kurudi. Haikutikisika hata kidogo.

"Ilivunjikia wapi?"

"Kwenye migomba, Rombo. Miezi mitatu sasa." Akakaa kwenye kigoda. "Siku ile mke wangu Felista alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Padre aliniita redioni tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mimi naendesha, sisikii kitu, nadhani leo Padre hana maneno. Nikarudi siku ya pili napiga mluzi."

Mtoto alizaliwa mzima. Felista ndiye aliyetoka damu nyingi, na wanawake wa jirani wakambeba kwa machela hadi hospitali. Baba yake, Mzee Swai wa juu ya Kwa Sadala, alikuja kumchukua. Alisema atamtunza mwenyewe ile miezi ambayo Wachagga humlaza mzazi na kumlisha, na hatamrudisha kwa mume asiyeitika akiitwa. Sasa miezi ilikuwa imekwisha, na Felista bado yuko kwa baba yake.

"Nenda kaombe radhi," nikamwambia.

"Radhi ya nini? Antena sikuivunja mimi. Funga nyingine, twende wote, wasikie inavyofanya kazi. Wakisikia, maneno yamekwisha."

"Twende wote?"

"Ya kwanza ulifunga wewe, Fundi."

Nikaanza kutafuta bisibisi zangu.

Ijumaa baada ya sala, uani kwa Padre, nilikuwa na antena tatu za kuchagua. Moja ilikuwa ya shaba, ndugu wa marehemu, ikishapinda imepinda. Ya pili ilikuwa ya kuvuta na kurudisha, vipande vyake vinaingiana. Dukani inapendeza, lakini vumbi huingia kwenye maungio ikakwama, na kila ungio ni mahali pa kuvunjikia. Ya tatu ilitoka kwenye gari la jeshi lililouzwa baada ya vita: ufito mwembamba wa chuma cha springi, mbaya wa sura, umepakwa rangi ya kijani. Niliukunja mpaka ncha ikagusa kitako. Nilipouachia ulinyooka, ukanipiga sikioni.

"Huohuo," akasema Aloisi.

Safari hii sikupanda juu ya paa. Niliufunga kwenye bampa ya nyuma, pembe ya kushoto, juu ya springi nene, ili tawi likiugonga uiname badala ya kukatika. Bampa niliikwangua rangi mpaka chuma kikawa cheupe, maana rangi huzuia umeme, na antena isiyoshikana na bodi ya gari ni fimbo tu. Koili yake, ule waya uliozungushwa kitakoni, niliivisha mpira wa tyubu na kuziba kwa lami, mvua isiingie. Padre alikuja kutazama, akauliza mbona gari lake limeota mkia.

Jumamosi saa moja asubuhi tuliondoka. Mwanaidi alisimama mlangoni akanitazama nikipanda. "Ukifika juu ukaona baridi," akasema, "usiwaambie watu wewe ni mume wangu."

Kwa Sadala tulifika saa tatu, soko limechangamka. Tulisimama kujaribu redio. Aloisi akabonyeza kitufe, akamwita Padre, na sauti ikaja, imekwaruza lakini nzima: anatusikia vizuri, na tusisahau kumnunulia maharage. Mama mmoja aliyekuwa na mafungu ya viazi aliutazama ule ufito kutoka chini mpaka juu.

"Kaka, huku mnavua samaki gani?"

"Wa Nairobi, mama."

"Mkimpata mniletee kichwa."

Kutoka Kwa Sadala njia inapanda, na migomba inakaribiana mpaka unaendesha ndani ya kivuli cha kijani. Kila jani lilipoigonga antena, iliinama, ikasimama tena. Nilikuwa nimetoa kichwa nje kuitazama kama mama anayemwangalia mtoto akianza kutembea. Hapo ndipo nilipoona kosa langu la miezi mitatu iliyopita. Ile ya shaba niliichagulia barabara ya mbele ya duka langu.

Juu zaidi mikungu ilining'inia chini hasa, imeegemezwa kwa miti, na nikaona tukipita na antena imesimama tutaangusha ndizi za watu. Ilibidi niilaze na kuifunga. Kamba nilikuwa nimeiacha juu ya meza dukani. Aloisi alikuwa ameshuka mferejini kuchota maji ya rejeta. Kando ya njia palikuwa na mimea iliyopandwa mstari, ina majani marefu, magumu kama mkanda. Nikakata mawili, nikainamisha ufito ubavuni mwa gari upande wangu, nikafunga ncha yake kwenye ndoano ya turubai. Aloisi akarudi kwa upande wake, akatia maji, tukaondoka.

Tangu hapo nilipata heshima ya ajabu. Wanawake waliobeba majani ya ng'ombe walisogea pembeni kimya. Mzee mmoja alivua kofia. Nikajiambia, huku juu watu wanajua thamani ya fundi.

Karibu na adhuhuri tulifika kwa Mzee Swai. Alikuwa amesimama kwenye lango la kihamba chake, yaani shamba lake la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. "Shikamoo, mzee," nikamwamkia. Alikuwa akitazama fundo langu. Aloisi akazunguka gari, hotuba yake ya springi iko tayari mdomoni, akaliona fundo naye, hotuba ikaishia hapo.

"Umekuja na isale," mzee akasema polepole.

Aloisi alininong'oneza bila kugeuza shingo. "Fundi, umenifanyia nini? Hilo ni jani la kuombea msamaha. Mtu akiletewa hawezi kukataa."

Felista alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Nilimwomba Mungu Aloisi anyamaze tu. Angenyamaza, mke angekuwa wake kabla ya chakula.

"Baba," akasema Aloisi, "sitakudanganya. Hilo amelifunga huyu, mtu wa mjini, alisahau kamba. Mimi sikuja kuomba. Nilikuja kukuonyesha antena."

"Basi nionyeshe antena," akasema mzee.

Aloisi akafungua fundo. Ufito ukaruka juu, ukatikisika, ukatulia. Ilikuwa kazi safi, na hakuna aliyeitazama. Yeye alikuwa amebaki na majani mkononi. Akayanyoosha, yale niliyoyasokota mimi, akayanyoosha tena.

"Nilirudi siku ya pili," akasema. "Neno la kwanza nililomwambia Felista ni kwamba antena imevunjika. Hata pole sikumpa. Mpaka leo sijampa." Akamwendea mzee, akainama kidogo, akayatoa kwa mikono miwili. "Sasa naleta mwenyewe."

Mzee aliyapokea. Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Mimi nimepokea. Lakini aliyekuwa akikuita si mimi."

Felista akaja mpaka kwenye gari, akampita mumewe, akasimama mbele yangu.

"Shemeji Fundi, na hii itavunjika?"

Nilitaka kumwapia kuwa haitavunjika. "Inaweza," nikasema. "Ile ya kwanza niliifunga bila kuijua njia. Kosa hilo ni langu, si la mumeo."

"Na la kuja anapiga mluzi?"

"Hilo ni lake."

Akacheka kidogo, huku macho yamejaa maji. Ndipo akamgeukia Aloisi, na Aloisi akampa pole yake, kwa Kichagga, kwa muda mrefu. Mimi na mzee tulikwenda kuangalia ng'ombe.

Tulikula kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Mzee alinipa mbege, pombe yao ya ndizi, nikamwambia dini yangu hainiruhusu, akaniletea maziwa na kunitazama kwa huruma. Baadaye tukamwita Padre, akaitika. Mzee aliuliza kama Padre anawasikia ng'ombe. Padre akasema anawasikia, na maharage je?

Alasiri tulishuka, Felista na mtoto mbele, mimi nyuma kati ya mikungu ya ndizi. Pale nilipokata majani tulisimama. Bibi mwenye shamba alikuwa akinisubiri. Kumbe ule mstari ndio mpaka wake.

"Ulikuwa unataka shamba langu," akauliza, "au ni ujinga?"

"Ujinga, bibi."

"Basi nenda, mwanangu."

Tangu siku ile sifungi antena ya gari kabla ya kupanda gari lenyewe na kwenda nalo liendako. Namwuliza pia dereva ni nani nyumbani atakayekuwa akimwita. Mwanaidi anasema nimekuwa msafiri mkubwa, nimeshafika Mabogini, hapo nje tu ya mji.

Masika yalipoanza, nilikuwa chumbani kwa Padre nikibadilisha valvu ya redio yake. Nje mvua inamwagika, Aloisi yuko Rombo. Felista akaingia, mtoto amefunikwa kanga, akamwomba Padre amwite mumewe. Padre akaita mara moja, akaita mara ya pili. Sauti ikaja kutoka ndani ya migomba, ya mtu aliyeshtuka: yupo, anasikia, kuna nini?

Padre akamgeukia Felista. "Anauliza kuna nini."

"Hakuna kitu," akasema Felista. "Nilikuwa naita tu."

Padre akabonyeza kitufe, akamfikishia hivyohivyo.