Sentensi Niliyokataa Kufuta

Baba yangu ni fundi wa frigo, yaani majokofu, huko mtaa wa Kadutu, na mimi, binti yake wa kwanza, nilikulia karakanani kwake. Siku moja muuzaji wa nyama alimletea swali ambalo sikulisahau.

"Papa fundi, joto haipotee, inahama tu. Inatoka ndani ya frigo, inaingia inje. Sasa juu ya nini nilipe courant ya umeme? Unitengenezee frigo yenye joto inatoka yenyewe."

Baba alijifuta mikono. "Joto inatoka penye moto inaenda penye baridi. Ukitaka irudi, lazima uisukume. Sijaona fundi mwenye kubadilisha hiyo."

Miaka baadaye, chuoni, nilijifunza kwamba jambo hilo lina jina: entropia, kipimo kinachoongezeka kila joto linaposambaa, wala hakirudi chini chenyewe. Niliandika kazi yangu ya mwisho ya fizikia juu yake. Kwenye ukurasa wa mwisho nilisema: "Entropia ipo, kama uzito ulivyopo."

Siku ya kuitetea kazi hiyo, profesa mmoja wa juri, jopo la kunipima, alivua miwani.

"Mademoiselle, joto tunalihisi. Entropia nani ameigusa? Ni hesabu ya kutojua kwetu. Anayejua kila chembe iko wapi hana haja nayo. Futa sentensi hii, tukupe distinction."

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Nilikuwa nimehangaika nayo miezi mizima.

"Papa professeur, tuseme unajua kila chembe ndani ya frigo ya baba yangu. Umeme ukikatika, nyama itabaki baridi?"

"Haitabaki. Lakini..."

"Basi kinachoiharibu si kutojua kwetu."

Mwenyekiti akauliza, "Unafuta ao haufute?"

"Sifuti."

Walinipa satisfaction, daraja la chini ya distinction. Bila distinction, nafasi ya kuwa assistant, msaidizi wa profesa chuoni, ikanipita. Mama akasema, "Sentensi moja tu, mutoto wangu. Itakulisha?" Baba, aliyekuwa ameketi mwishoni mwa ukumbi, amevaa suti yake ya misa na bila kusikia yote, aliuliza jambo moja tu tulipokuwa tunapanda ngazi za kurudi nyumbani: kama niliongea na wale wazee kwa heshima. Nikamwambia ndiyo. "Basi," akasema.

Sasa nafundisha fizikia sekondari. Mwaka jana nilikutana na yule profesa sokoni, ameshika fungu la mboga za lengalenga. Aliniambia bado nimekosea, na kwamba kila mwaka anawapa wanafunzi wake ukurasa wangu ule waupinge.

"Kuna aliyeweza?" nikamuuliza.

"Wanajaribu."

"Uwatume kwangu, papa. Niko hapo shuleni kila siku."