Kinachosemwa Mlangoni

Kabla kompyuta hazijaletwa, chumba chetu cha kumbukumbu za wagonjwa hapa Karatu kilikuwa na meza moja, dirisha la kuingiza vumbi jekundu, na mama mmoja mkali aliyenifundisha kazi. Tulikuwa tunageuza magonjwa aliyoandika daktari kuwa namba za bima. Mwenye magonjwa matatu ana namba tatu, na ya kwanza lazima iwe ya kile kilichomleta siku hiyo. Ukikosea mpangilio, bima inakataa na mgonjwa anakosa rufaa yake.

"Wazee wetu hawatangulizi kinachowasumbua," alikuwa akiniambia huku akimenya yai la kuchemsha. "Ataanza na mvua, aje kwenye mahindi, akupe magoti yake. Jambo lenyewe atalisema ameshashika kitasa. Ukilisikia, mrudishie daktari faili. Usijifanye mganga."

Nikichelewa aliniuliza kama nimepitia Oloipiri, kule mbali Loliondo. Sijawahi kucheka kazini kama miaka ile, na ninaikumbuka mno.

Alistaafu, akarudi shambani kwake. Mwezi uliopita aliletwa na binti yake kutibiwa. Faili lake lilinifikia: presha, sukari, magoti. Kisha akaingia mwenyewe. Nilifurahi kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mvua huku mmepata?"

Tukaongea mvua, tukaongea mahindi. Alipofika mlangoni akageuka, mkono kwenye kitasa. "Unafanya kazi vizuri, binti. Nani alikufundisha?"

Nilidhani ananitania, ndiyo zake. Lakini alikuwa anasubiri jibu, na binti yake ameinamisha kichwa.

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Muongo mkubwa wewe!" Akacheka sana.

Nilimrudishia daktari faili, nikamweleza nilichosikia. Akamwita tena, akamuuliza maswali taratibu, akamhoji na binti yake. Faili liliporudi kwangu, tatizo la kumbukumbu lilikuwa juu, presha chini yake. Niliingiza namba ya kwanza machozi yakinitoka, wala sikuyaficha. Bima ikapitisha rufaa ya kwenda kwa bingwa Moshi.

Nilitoka kuchukua karatasi ya rufaa kwenye mashine ya kuchapia, chumba cha pili. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha zamani, ananyoosha mafaili yangu, amekunja uso.

"Mbona umechelewa?" akanifokea. "Umepitia Oloipiri?"