Kimya cha Mekabibi

Kwa Wagiriama, mwanamke akishazaa, jina alilopewa na babake huwekwa darini. Huitwa kwa mwanawe wa kwanza, na kwa jina hilo huzikwa. Ndiyo maana huko nyuma ya Takaungu, kwenye vijumba vilivyo kati ya minazi na mkonge, ukiulizia Kahaso wa Ngumbao utazungushwa mpaka jua likuchome utosi. Ulizia Mekabibi, mama wa Kabibi, hata mbuzi atakupeleka.

Kazi yake ni kushona makuti ya kuezekea. Mapaa ya hoteli tatu za Bofa yamepita mikononi mwake, na wanunuzi wanamwogopa, maana mdomo wake ni wembe. Mtu akimwambia kuti hili halikushonwa vizuri, atajua alikotoka na walikolala wazazi wake. Mumewe marehemu Ngumbao alikuwa akisema kwamba mkewe angeweza kumkemea hata mamba. Lakini kwa Kabibi mdomo huo ulifungwa kufuli. Kabibi alikemewa na shangazi, na walimu, na majirani, asikemewe na mamake hata mara moja, na watu wakasema ni mapenzi tu, mtoto wa pekee hudekezwa.

Ilikuwa hofu. Kahaso hakumzaa Kabibi. Alikuwa ameolewa miaka sita bila mimba, akarudishwa kwao Ganze kutibiwa, na alipokuwa huko mdogo wake Kahonzi akajifungua mtoto wa kike, na siku ya nne akafa. Baba wa mtoto hakujulikana, wala hakutafutwa. Mama yao alimpakata mjukuu, akampa Kahaso, akamwapisha: huyu ni wako, na siku utakayosema vingine utakuwa umemzika Kahonzi mara ya pili. Kahaso alirudi kwa mumewe na mtoto mgongoni, na kuanzia siku hiyo akaitwa Mekabibi. Ngumbao aliujua ukweli, akafa nao. Mama yao akafa nao. Akabaki Kahaso peke yake na siri yake, au hivyo ndivyo alivyoamini.

Asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, Kabibi alikuja na mumewe Chengo na binti yao Emily wa miaka minne. Chengo alikuwa amebeba cherehani kichwani, ile ile ambayo Kabibi alishonea sare za shule za nusu ya kijiji.

"Chukua, mama," Kabibi akasema. "Mimi sitaihitaji tena."

Na hapa ndipo mtu hutamani kumshika Kahaso mabega amtikise, kwa sababu alifurahi. Aliizunguka cherehani, akaifuta vumbi kwa leso, akasema "Ahsante sana mwanangu," kabla hajakumbuka kuuliza.

"Mwaenda wapi kusikohitaji cherehani?"

"Tumepata shamba upande wa Malindi, ndani huko, msituni. Pana ndugu wengi wa maombi. Twaenda kumngoja Bwana."

"Na Emily? Si Januari aanze shule?"

"Shule za dunia hii zimekwisha kazi, mama."

Alisema polepole, kama mtu asomaye barua iliyoandikwa na mwingine. Kahaso akawachotea maji. Chengo akakataa. Kabibi akakataa. Emily alinyoosha mkono, babake akaushusha. Mgiriama kukataa hata maji nyumbani kwa mamake! Na hapo Kahaso akamwangalia mwanawe vizuri: mifupa ya shingo imetokeza, nywele kazinyoa, pete hana. Maneno yalimjaa kinywani. Huendi popote. Chengo na aende peke yake. Mtoto mwache hapa.

Hakuyasema. Kila alipotaka kuyasema alimwona Kabibi akigeuka na kumjibu: wewe nani wa kunikataza? Wewe si mamangu. Alilingoja jibu hilo miaka ishirini na saba, na kila siku aliyoishi bila kulisikia aliihesabu ni ya bahati. Basi mwanamke aliyeogopwa na madalali wa Bofa akasema, "Haya. Nendeni salama. Mnipigie mkifika."

Walishika njia ya shamba la mihogo. Emily aligeuka mara mbili.

Simu haikupigwa Desemba. Haikupigwa Januari. Mwishoni mwa Februari ikaita namba ngeni, na sauti ya Kabibi ikaja kwa mbali, kavu, haina mate.

"Mama, Emily ametangulia."

"Ametangulia wapi?"

Laini ikakatika. Kahaso akapiga, haipatikani. Akakaa pale kwenye ngazi ya mlango akitafuta maana ya neno ambalo maana yake aliijua. Ametangulia kwa kina Chengo, akajiambia, amepelekwa kwa bibi yake mwingine, huko kuna maziwa. Wifi yake Priscilla, dada wa Ngumbao, alimwambia twende kwa chifu leo hii. Kahaso akasema kesho. Kesho akasema kesho. Kwa chifu wangemuuliza maswali, na yeye maswali juu ya Kabibi hakuyapenda.

Mwezi wa Aprili redio ikaanza kuutaja msitu wa Shakahola, upande wa Malindi, ambako watu walifunga kula mpaka kufa wakimngoja Bwana. Kwanza ilisema watu wanne. Kisha ikasema kaburi lenye watu sita. Kisha ikaacha kusema makaburi, ikawa inasema idadi tu, na kila taarifa ya habari idadi ilikuwa imepanda. Kahaso alikuwa na oda ya makuti mia mbili. Aliendelea kushona. Kijiji kizima kilikuja kukaa naye, wanawake wakajaa kwenye mkeka, naye anakunja jani, anapitisha uzi, anakunja jani, bila kuinua macho.

Mwezi wa Mei alikwenda Malindi na Priscilla. Mbele ya chumba cha maiti palikuwa na mahema, na chini ya mahema watu kutoka kila pembe ya Kenya: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wagiriama, kila mmoja na picha yake mkononi. Upepo ulipogeuka watu wote walifunika pua kwa pamoja, kisha wakaona haya, kwa kuwa huenda ilikuwa harufu ya watu wao wenyewe. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Busia alimwambia Kahaso, kwa wema kabisa, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mama." Kahaso akainamisha kichwa. Hakuna methali iliyowahi kumchoma namna ile.

Aliyechukua maelezo yao alikuwa binti mmoja mpole aitwaye Amal.

"Shikamoo mama. Pole sana. Kabibi ni nani yako?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

Priscilla alikuwa amekaa kando yake, bega kwa bega. "Wa kumzaa," Kahaso akasema.

Akaingizwa mdomoni kijiti cha pamba cha kupima DNA, ili mashine imlinganishe na maiti, kikafungwa kwenye bahasha. Moyoni hakujiona mwongo. Damu ya Kahonzi na yake ilitoka tumbo moja. Kwa Mgiriama mtoto wa dada hana jina lingine zaidi ya mwana. Aliamini mashine nayo ingeona hivyo.

Mashine haikuwa ya Kigiriama. Ulipita mwaka. Wengine wakaanza kuitwa, wakapewa masanduku yao, wakazika. Kwa Kahaso jibu lilikuwa moja: hajapatikana anayelingana. Alipoambiwa mara ya kwanza, Mungu amsamehe, alishukuru. Labda Kabibi yu hai. Mara ya pili hakushukuru. Mara ya tatu aliacha kula nyama, kwa sababu alianza kufikiria kontena za baridi zilizohifadhi maiti, na ndani yake mtu ambaye mtandio wake ungali unaning'inia mlangoni kwa Kahaso.

Halafu, katikati ya mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, redio ikasema wamerudi kuchimba. Si makaburi yale. Ni mengine, upande ule ule wa msitu, udongo bado mbichi. Watu walikuwa wamesema jambo lile limekwisha, nalo lilikuwa likiendelea polepole chini ya vichaka, huku hoteli za Bofa zikibadilisha makuti. Sokoni pakazuka uvumi kwamba maiti wa zamani wasio na wenyewe watazikwa na serikali, kila mmoja na namba yake. Amal akapiga simu.

"Mama, sijui kama ni kweli. Lakini kama kuna ndugu mwingine wa damu, mlete sasa."

Usiku ule Kahaso alimuomba radhi mama yake aliye kaburini, kwa sauti, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. Kulipokucha akamchukua Priscilla, wakaenda Malindi.

"Hakuna mwingine," alimwambia Amal. Aliikalia mikono yake. "Mimi ndiye ndugu. Kabibi ni mtoto wa mdogo wangu. Mimi sikumzaa. Mimi sijazaa kamwe."

Alingoja paa lianguke. Amal akainama, akaandika. Priscilla akavuta leso yake, akampangusa Kahaso jasho la shingoni.

"Wifi," akasema taratibu, "hilo nani hajui?"

Kahaso hakuelewa. Ikabidi aelezwe kama mtoto. Kijiji kizima kilijua. Mkunga wa Ganze alikuwa na shemeji Takaungu, na habari ilifika kabla hata Kahaso hajashuka na mtoto mgongoni. Watu waliheshimu tu. Walimwita Mekabibi kwa sababu alilea, na wakafa waliokufa bila kumvunjia jina. Kahaso alicheka, kicheko kibaya, mpaka Amal akamletea maji.

Wiki saba baadaye walipatikana wawili, mama na binti, waliofukuliwa katika shimo moja; Chengo hakuwamo. Emily alikuwa chini. Masanduku yaliletwa nyumbani, moja refu, moja ambalo mwanamume mmoja alilibeba peke yake, wakazikwa kando ya kaburi la Ngumbao. Wanawake waliimba. Hanga, yaani matanga, ikakaliwa, mikeka ikajaa, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile Kahaso alilia akashiba kulia. Alikuwa amemrudisha mwanawe. Hilo angalau alilifanya.

Siku ya tatu, watu walipopungua, alimgeukia Priscilla.

"Na yeye? Kabibi alijua?"

Priscilla akamsogelea. "Tangu darasa la tano. Alikuja kwangu akaniuliza, sikuweza kumficha. Akaniapisha nisikwambie kwamba anajua. Alisema, mamangu atadhani nimepunguza kumpenda."

Miaka yote ile Kahaso alikuwa akilikimbia jibu ambalo halikuwamo katika kinywa cha mtoto yule.

"Basi angenisikia," akasema. "Siku ile ningemwambia usiende, angenisikia."

Ingekuwa hekima Priscilla aishie hapo. Lakini alikuwa amelibeba jambo moja karibu miaka mitatu, na hanga ni mahali pa kutua mizigo.

"Walipotoka kwako walipita kwangu," alisema. "Chengo alitaka waondoke, Kabibi akakataa kuinuka. Alikaa ukumbini mpaka adhuhuri, Emily kamlaza mapajani, anaitazama njia. Nikamuuliza, wangoja nini? Akanambia: mama hajasema kitu, shangazi. Labda atakuja kunirudisha."

Kahaso alikunja miguu yake mkekani. Njia ile aliipita kila siku ya Mungu, akienda kuteka maji, akienda kuomba chumvi. Hata hivyo aliuliza.

"Kutoka kwangu hadi kwako ni mwendo gani, Priscilla?"

"Ni hapo tu, wifi," Priscilla akasema. "Ng'ambo ya mihogo."