Chumba Namba Mbili Hakioni Bahari

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri ya Ijumaa Kuu, taa ya jikoni kwa Evanthia Kalyva imeshawaka. Mwanamke huyu wa miaka sitini na tisa amepiga magoti kwenye ngazi ya saba kutoka chini, ndoo ubavuni, anafuta mawe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ngazi ziko thelathini na nane. Ameanza na ya juu.

Anaharakisha. Kengele za maombolezo zikianza kulia, hatagusa tena ndoo wala sindano. Dirisha la upande wa pili wa kichochoro linafunguka, na jirani yake Tasoula anachungulia akiwa bado na kilemba cha kulalia.

"Shoga, leo hata mchwa wamepumzika, wewe unapiga deki?"

"Mchwa hawana wageni," Evanthia anajibu bila kuinua kichwa.

"Na wako wamo ndani ya simu ya binti yako Areti. Si ungeifuta simu ukarudi kulala?"

"Funga dirisha, Tasoula. Unaingiza baridi kwa watu."

Evanthia anakodisha vyumba vinne katika nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, chini ya ukuta wa ngome, mjini Nafplio. Kazi hii ameifanya miaka thelathini na saba. Mumewe, Fotis, alifariki miaka kumi na mitano iliyopita. Mwaka jana binti yake Areti, mwenye miaka arobaini na moja, alirudi kutoka Athens baada ya duka alilokuwa akifanya kazi kufungwa. Nyumba hiyo ndiyo inayowalisha wote wawili.

Ijumaa hiyo chumba namba mbili, chenye roshani inayotazama njia ya maandamano ya kanisa, kilikuwa kinangojewa na watu wa pande mbili. Kulikuwa na mume na mke kutoka Larissa waliokilipia mtandaoni tangu Januari. Kulikuwa pia na mzee mmoja wa Nikaia, karibu na bandari ya Piraeus, ambaye hakuwa amelipa chochote wala kupiga simu.

Ahadi ya mzee ilitangulia.

Zamani, mgeni wa Nafplio alichagua pa kulala akiwa bado ameshika begi. Basi la Athens liliposimama, wanawake wa mji walikuwa wamejipanga kituoni, kila mmoja na bango la kadibodi lililoandikwa "Vyumba". Walivutana mikono ya wageni na kusemana. Mwezi Agosti walikodisha hadi vitanda vyao wenyewe, na familia zao zikalala jikoni.

"Tulilala wanne chini, miguu ya Fotis mlangoni," anasema Evanthia. "Akiamka mgeni kunywa maji, anamkanyaga mwenye nyumba."

Kituoni Evanthia alijulikana kwa jambo moja, ambalo wenzake walilihesabu kuwa ujinga. Alianza na kasoro. Kabla ya kutaja bei alimwambia mgeni kwamba chumba hakioni bahari, kwamba kengele ya kanisa iko hatua ishirini kutoka kwenye mto wa kulalia, na kwamba ngazi ni thelathini na nane. Wengi walimwacha hapo hapo wakamfuata mwingine.

Miaka ishirini na sita iliyopita, siku ya Ijumaa Kuu, walishuka kwenye basi Prodromos Tsalikoglou, mchomeleaji wa meli, na mkewe Despina. Wanawake wawili waliwaahidi bahari. Evanthia akawasomea kasoro zake zote. Despina ndiye aliyeamua.

"Alimwambia mumewe, 'Twende na huyu. Hawa wengine tutazijua kasoro zao usiku,'" Evanthia anakumbuka.

Tangu hapo walirudi kila mwaka kulala siku tatu. Despina alipofariki, miaka tisa iliyopita, Prodromos aliendelea kuja peke yake. Kila Jumatatu ya Pasaka, akiwa ameshika begi mlangoni, aliuliza kuhusu mwaka ujao kwa neno moja: "Chumba?" Evanthia alijibu: "Kipo." Hawakuwahi kuandikiana. Evanthia hakuwa na namba ya simu ya Prodromos, wala Prodromos hakuwa na ya Evanthia.

Januari mwaka huu Areti aliviweka vyumba vyote kwenye mtandao wa kukodishia. Kila usiku wa Pasaka kwenye chumba namba mbili aliuuza kwa yuro mia moja na arobaini. Nafasi ilichukuliwa ndani ya dakika arobaini. Evanthia aliligundua jambo hilo Jumatano ya wiki ya mateso, alipoona karatasi ya wageni mezani.

"Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kuhusu huyo mzee," anasema Areti. "Akaniuliza, 'Nikwambie nini? Ijumaa Kuu chumba ni cha Prodromos.' Kwake ilikuwa sawa na kuniambia kwamba jua linatokea upande ule."

Areti alikuwa na hesabu yake. Kati ya wageni mia wanaolala kwao, sabini na mmoja wanatoka mtandaoni. Mwenye nyumba akimwondoa mgeni aliyelipa, jina la nyumba hushushwa kwenye orodha ya mtandao.

"Nilimwambia, mama, tukiwafukuza watu siku ambayo mji mzima umejaa, tutashuka hadi ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne hakuna anayefika. Hapo tufunge milango tuuze malimau."

"Nami nilimjibu sitamfukuza mtu," anasema Evanthia. "Nitawaambia."

Mume na mke wa Larissa, Yangos na Marilena Bletsas, walifika saa tano na nusu asubuhi wakiburuta masanduku juu ya mawe. Yangos anauza vipuri vya matrekta. Mkewe ni mfamasia. Evanthia aliwakalisha kwenye viti viwili vya uani, akawaletea maji na kahawa.

"Msifungue masanduku kwanza, wanangu," aliwaambia. "Chumba mlicholipia nilishakiahidi kwa mtu mwingine mwaka jana. Binti yangu hakujua. Kosa ni langu."

"Huyo mtu amelipa?" Marilena aliuliza.

"Hapana."

"Amepiga simu kwamba yuko njiani?"

"Hapigi simu."

"Ana miaka mingapi?"

"Themanini na minne."

Marilena aliweka kikombe chini. "Sasa mama, unajuaje hata kama yuko hai?"

"Sijui," alisema Evanthia. "Najua nilisema kipo."

Aliwapandisha juu akawaonyesha chumba namba mbili na kasoro zake, ikiwemo ile mpya: kibao cha namba kilikuwa kimeanguka mlangoni siku ya Alhamisi, na Ijumaa Kuu hakuna mtu Nafplio anayegonga msumari, kwa kuwa ndiyo siku Kristo alipopigiliwa msalabani. Kisha akawashusha hadi chumba chake mwenyewe, kilichopo chini, kando ya mlimau. Shuka zilikuwa mpya. Nguo zake zilikuwa zimeshahamishiwa jikoni.

"Chagueni," alisema. "Mkitaka cha juu ni haki yenu, na mzee nitamwambia mwenyewe mlangoni. Mkichukua hiki mtarudishiwa pesa zenu, na maandamano mtayatazama kutoka roshani kama kawaida."

"Mimi na ngazi zile tumeshaonana mara moja, yatosha," alisema Yangos.

"Wewe nyamaza. Umekoroma kutoka Larissa hadi hapa, mimi ndiye nimeshika usukani." Marilena alikigusa kitanda, akatazama dirishani. "Tutachukua hiki. Lakini nitaandika, mama. Nitaandika kila kitu."

"Andika," alisema Evanthia. "Andika yaliyotokea."

Mabasi matatu ya Athens yalikuwa yaingie siku hiyo. Evanthia alikuwa amekwisha kwenda kulilaki la saa tano kasoro dakika ishirini, na mzee hakuwemo. Akaenda kulilaki la saa nane. Lambis, dereva wa teksi ambaye hupaki kituoni, hakumwacha apite hivi hivi.

"Mama Evanthia! Umerudi mawindoni? Siku hizi samaki wanashuka wamekwisha kuvuliwa na simu."

"Nasubiri mtu."

"Kila mtu hapa anasubiri mtu. Ndiyo maana panaitwa kituo."

Walishuka abiria thelathini na wanne. Prodromos hakuwa miongoni mwao.

Nyumbani Evanthia alikula dengu za siki amesimama. Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia mara moja moja tangu asubuhi. Areti alimwambia mama yake kwamba watu watatu wameandika kwenye simu wakiulizia chumba chochote, kwa bei yoyote. Namba mbili kilikuwa tupu, kitanda kimetandikwa.

"Mama, saa hizi angekuwa ameshafika. Siku zote huja na la asubuhi, wewe mwenyewe umesema."

"Lipo jingine."

"Na asipokuja?"

"Kitalala tupu."

Basi la mwisho liliingia saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni. Abiria wa tatu kushuka alikuwa mwanamke aliyevaa koti jeusi, begi dogo begani na mshumaa wa nta wa rangi ya kahawia mkononi. Alimwendea Lambis na kumuuliza kama anaijua nyumba ya Evanthia yenye ngazi nyingi.

Lambis aligeuka. Alimwonyesha Evanthia kwa kidole.

Mwanamke huyo ni Sevasti Tsalikoglou, mwenye miaka hamsini na moja, karani wa shule huko Nikaia. Baba yake alifariki tarehe kumi na saba Februari, hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu.

"Siku mbili kabla, aliniambia Ijumaa Kuu niende Nafplio kwa niaba yake na ya mama," anasema Sevasti. "Nikamwambia nitapiga simu kuweka nafasi. Akakasirika. 'Usipige simu. Chumba kipo.' Nilidhani ni maneno ya mgonjwa."

Jumanne alitafuta hoteli Nafplio akakosa mji mzima. Akaamua kwenda hivyo hivyo, na akakata kabisa tiketi ya kurudi ya saa moja na nusu jioni hiyo hiyo, endapo hakuna chumba wala hakuna Evanthia.

Alipomwambia Evanthia yeye ni binti wa nani, na kwa nini amekuja peke yake, Evanthia alichukua begi lake. Walitembea hadi kona ya kichochoro.

"Ngazi ni thelathini na nane," alisema Evanthia. "Bahari haionekani. Kengele inaanza saa kumi na mbili na robo asubuhi. Namba ya mlango imeanguka, na leo hatugongi msumari."

"Aliniambia utasema hivyo," alijibu Sevasti. "Ila hiyo ya namba hakuitaja."

"Hiyo ya jana tu." Evanthia alisimama kwenye ngazi ya kwanza. "Pole, mwanangu. Pole sana. Ningejua, ningekuja kumzika."

Saa moja na nusu basi la kurudi Athens liliondoka. Kiti cha Sevasti kilikuwa kitupu.

Saa tatu na dakika kumi na mbili usiku, Epitafio, jeneza la maua la Kristo, lilipita chini ya roshani likiwa limebebwa na wanaume sita. Evanthia alishika chetezo cha ubani, Sevasti mshumaa wake. Nyuma yao walisimama Yangos na Marilena. Jeneza lilisimama kidogo mbele ya nyumba, kama linavyosimama mbele ya kila nyumba yenye chetezo, kisha likaendelea. Marilena ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka roshani.

Jumatatu ya Pasaka, mume na mke wa Larissa waliondoka saa nne asubuhi. Sevasti aliondoka saa sita mchana. Mlangoni, begi likiwa mkononi, aligeuka.

"Chumba?" aliuliza.

"Kipo," alisema Evanthia.

Areti, aliyekuwa uani akianika shuka, alisikia.

Jumanne Evanthia alikirudisha kibao cha namba mahali pake kwa misumari miwili. Jioni maoni ya Marilena yaliingia mtandaoni. Alitoa alama saba kati ya kumi. Aliandika: "Hatukulala katika chumba tulicholipia. Mwenye nyumba alitueleza kabla hatujafungua masanduku, akatupa kitanda chake, yeye akalala jikoni. Bahari haionekani. Kengele ni kweli." Wastani wa nyumba ulishuka kutoka tisa nukta nne hadi tisa nukta mbili. Nyumba imebaki ukurasa wa kwanza.

Kuhusu mipango yake, Evanthia anasema ataendelea na vyumba kadiri magoti yatakavyoruhusu, kisha ngazi zitakuwa za Areti. Namba ya simu ya Sevasti hakuichukua.

Jumatano, saa tatu na dakika tano asubuhi, Areti aliifungua kalenda ya mwaka ujao kwenye simu. Ijumaa Kuu itaangukia tarehe thelathini Aprili. Alikifunga chumba namba mbili kwa siku tatu kuanzia hiyo. Simu ikamtaka aandike sababu. Aliandika neno moja: "Kipo."