Harufu ya Bia Jikoni

Kila nikipita mkahawa mmoja hapa mtaani Moseley wanapochemsha soseji kwa bia, moyo hunienda mbio.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiishi Kingstanding, mtaa mwingine wa jiji hilihili, na mama alikuwa ametoka kujifungua. Jirani yetu, bibi Mjerumani, alikuja kutupikia. Soseji na viazi vilikuwa vikitokota alipomimina chupa nzima ya bia sufuriani, kabla mama hajasema neno. Baba alikuwa ndiyo kwanza ameacha pombe.

Alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni akinusa.

"Nani amekunywa?"

"Hakuna, baba watoto. Ni mchuzi."

Akageuka, akatoka bila koti. Mama alimkumbatia mtoto, macho dirishani. Hatukugusa chakula.

Baba aliporudi, alikuwa ameshika mkate aliotoka kuununua. "Wa kuchovya," akasema.

Mama akamsogelea, akamnusa mdomo. Baba alisimama tu, akamwacha anuse mpaka aridhike.